Jinsi ya Kuzitazama Kazi za Saruji za Mjini Unguja (1930–1970): Mwongozo Kamili

Kila nikiwaelekeza watu wakaangalie kazi za saruji za katikati ya karne iliyopita mjini kwetu, jibu linalorudi ni lile lile: "Nimekwenda Forodhani, nimezunguka weee, sikuona kitu." Wengine huniletea na picha. Ukuta mweupe umeungua kwa jua, nusu ya tao imezibwa na kichwa cha mpita njia, na nyuma yake meza ya muuza mishikaki.

Sababu ni kwamba wanakwenda saa mbaya, halafu wanatafuta kitu ambacho hakipo. Wanatafuta sanamu ya mtu imesimama juu ya nguzo, kama zile za miji ya Ulaya. Mji wetu ni wa Waislamu kwa wingi, na kusimamisha sanamu ya kiumbe hai barabarani haikuwa desturi. Mafundi na wahandisi wa miaka ile waliuweka ustadi wao kwingine: kwenye tao la kupita, jukwaa la bendi, birika la bustani, baraza, ukuta wa matundu, ngazi, uso wa jengo la sinema. Kazi hizi zimeachiwa nafasi ya mwili ndani yake, na mwili unaotakiwa kuijaza nafasi hiyo ni wako wewe unayepita.

Ukilishika hilo, mji unafunguka. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, alasiri moja na asubuhi moja.

## Vitu vya kubeba

- Daftari lisilo na mistari na penseli laini. Usitegemee simu peke yake. Mkono unaochora hulazimisha jicho lirudi mahali liliporuka.
- Futi kamba ya mita 5. Kipimo cha upana wa tao au urefu wa baraza ndicho kitakachokusaidia baadaye ukikuta picha ya zamani.
- Chupa ya maji ya lita moja na nusu na kitambaa cha pamba. Maji haya si ya kunywa, ya kunywa beba mengine. Kazi yake iko hatua ya 5.
- Tochi ndogo. Ya simu inafaa, lakini inayoshikika mkononi peke yake ni nzuri zaidi.
- Simu yenye nafasi ya picha na dira. Hakikisha dira inafanya kazi kabla hujatoka nyumbani.
- Mavazi ya heshima. Utapita mbele ya misikiti na utakaa barazani na wazee. Mabega na magoti yafunikwe, awe mwanamme au mwanamke.

Acha nyumbani msumari, kisu na chochote cha kukwangua. Kuna watu hukwangua rangi wapate kujua chini kuna nini. Kufanya hivyo ni kuharibu, na hakuna unachokipata ambacho tochi haitakuonyesha.

## Hatua ya 1: Zoesha jicho kwa kazi mbili zisizo za kipindi hiki

Inaonekana kama kupoteza muda, lakini wengi wanaoiruka hatua hii hurudi mikono mitupu.

Anza Mkunazini, kwenye uwanja wa kanisa la Kianglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Hapo pana kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998: watu watano wa saruji ndani ya shimo, shingoni wamefungwa mnyororo. Kuna kiingilio. Simama ukingoni, usipige picha kwanza. Jiulize kwa nini wamewekwa chini ya usawa wa ardhi. Utaona kwamba msanii amekulazimisha kuinamisha kichwa, na kwamba kuinama kwako ni sehemu ya kazi yenyewe.

Kisha teremka hadi Mnazi Mmoja, kwenye Beit el Amani, jumba la makumbusho la mwaka 1925 lililochorwa na J. H. Sinclair. Tazama makuba na matao. Hapa mchoraji anatangaza waziwazi ametoa wapi mapambo yake. Chora kwa haraka tao moja na kuba moja, dakika tano zinatosha.

Sasa una vigezo viwili mkononi: kazi yenye miili iliyochongwa, na jengo lenye mapambo yanayojitangaza. Kazi za miaka ya 1930 hadi 1970 ziko nje ya vyote viwili. Hazina mwili, na mapambo yake yamepunguzwa mpaka kikabaki kivuli na mstari.

Utajua hatua imekaa sawa ukianza kusema "hapa nimeinamishwa", "hapa nimesimamishwa", "hapa nimepitishwa", kabla hujasema "hapa pazuri" au "hapa pabaya".

## Hatua ya 2: Panga saa kwa kufuata jua

Saruji nyeupe haina rangi ya kukusaidia, kwa hiyo umbo lake unalisoma kwa kivuli. Jua likiwa utosini kivuli hakuna, na tao lililojaa mikunjo linaonekana kama karatasi.

Unguja iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Maana yake, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana, kati ya saa 6 na saa 7, linapita karibu kabisa juu ya kichwa. Siku hizo mchana usitoke, ni kujichosha bure. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linakaa upande wa kaskazini, na Juni ndipo linapoegemea huko zaidi. Oktoba hadi Machi linakaa kusini. Kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini hupata mwanga mzuri wakati wa kipupwe, na ule unaotazama kusini hupata wakati wa kaskazi.

Kwa siku ya kawaida shika hivi: asubuhi kuanzia saa 12 na nusu hadi saa 2 na nusu, na alasiri kuanzia saa 10 mpaka jua lizame. Forodhani inatazama baharini upande wa magharibi, hivyo nyuso za upande wa bahari ziendee alasiri, na nyuso za upande wa mji ziendee asubuhi.

Tahadhari ya masika: saruji iliyolowa kwa mvua hubadilika rangi vipande vipande, na mgeni hudhani ni viraka vya ukarabati. Subiri ikauke siku moja ndipo uamue.

## Hatua ya 3: Forodhani, na usiwe na haraka

Bustani hii ilitengenezwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu 1911 hadi 1960. Mwaka 2009 ilifunguliwa upya baada ya ukarabati mkubwa wa Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni. Kwa hiyo unachokikanyaga leo ni tabaka mbili zilizochanganyika, na sehemu ya kazi yako ni kuzitenganisha kwa macho.

Fika saa 10 alasiri, kabla wauza vyakula hawajapanga meza zao. Wakishawasha taa na moto wa mishikaki, mwanga wao unakuja kutoka chini na kila umbo linageuka. Raha ya urojo iache mpaka umalize.

Jukwaa la bendi. Liko katikati ya bustani, na bendi ya Sultani ilikuwa ikipiga hapo watu wakisikiliza. Usilitazame kutoka nje tu. Panda, simama katikati, geuka polepole duara zima. Kutoka pale juu unagundua jukwaa limewekwa hivyo ili mpigaji aione bustani yote na bustani yote imwone. Kisha shuka, kaa mbali na utazame linavyokuwa tupu. Sema neno moja kwa sauti ya kawaida ukiwa ndani, halafu lirudie ukiwa nje, na usikilize tofauti.

Tao la 1956. Liko karibu na bahari: saruji nyeupe, limejengwa kwa ajili ya mapokezi ya Binti Mfalme Margaret wa Uingereza aliyekuja na meli ya kifalme Britannia. Hili ndilo linalopitwa kuliko yote, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Lifanyie hivi:

1. Simama upande wa mji, hatua kama ishirini nyuma, na utazame bahari kwa kupitia tao. Angalia tao linakata nini na linaacha nini kwenye upeo wa macho.
2. Lisogelee kwa hatua ndogo. Kuna mahali ambapo litaacha kuwa kitu kilichoko mbele yako na kuanza kuwa kitu kilichokuzunguka. Weka alama hapo kwa kandambili, kisha pima kwa futi kamba kutoka alama hadi kwenye tao.
3. Nenda upande wa bahari, geuka, utazame mji. Tao lilijengwa kwa ajili ya mtu anayetoka majini. Sisi wenyeji tunaliendea kwa mgongo wake, na ndiyo maana halitusemeshi.

Kwa hatua hiyo ya tatu maji yakiwa yamejaa ni bora zaidi. Tazama jedwali la maji, na kama unaweza chagua siku za bamvua, bahari inapopanda hadi karibu na ukuta. Vijana wa mji watakuwa wanajirusha baharini kwa mikupuo. Usiwafukuze kwenye picha yako, kwa sababu ndio wanaoonyesha ukubwa wa kila kitu.

Utajua umefaulu Forodhani ukiweza kumchorea mwenzako, bila kutazama simu, mahali jukwaa lilipo kwa kulinganisha na tao na bahari. Ukishindwa, kaa tena nusu saa. Hakuna njia ya mkato hapa.

## Hatua ya 4: Soma saruji kwa karibu

Kabla ya saruji kuenea, kuta za mji wetu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Kuta hizo ni nene, na pembe zake hazinyooki sana kwa timazi. Saruji yenye nondo ilimruhusu fundi afanye alichokuwa hakiwezi: ukingo mwembamba unaoning'inia bila nguzo, pembe kali, duara safi. Ukiona kizingiti chembamba kimetoka ukutani mita nzima na hakina kinachokishika kwa chini, hiyo ni sauti ya kipindi chetu.

Jioni, jua likishazama lakini giza halijashika, chukua tochi. Iweke ubavuni mwa ukuta, karibu kabisa kuugusa, mwanga utambae juu ya uso wake. Utaona mambo matatu au zaidi ambayo mchana hayaonekani.

La kwanza ni mistari ya mbao. Zege humwagwa ndani ya boksi la mbao, na mbao zikitolewa huacha alama zake, mpaka nyuzi za mbao zenyewe. Mahali pengine fundi amezifunika kwa lipu na niru, pengine ameziacha. Ukizipata, pima upana wa ubao mmoja na uandike.

La pili ni nyayo za mwiko. Lipu iliyopigwa kwa mkono ina mawimbi mepesi, kila fundi na mkono wake. Ukuta wa ukarabati wa karibuni mara nyingi umenyooka mno, au una mpaka mkavu unapokutana na lipu ya zamani. Ufuate mpaka huo kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho wake, uuchore. Huo ndio ramani ya ukarabati.

La tatu ni herufi na tarakimu zilizozibwa na rangi. Chokaa ya kila mwaka hujaza maandishi mpaka yakapotea machoni, lakini mwanga wa ubavuni huyanyanyua tena. Mtu akiniambia jengo fulani halina mwaka, swali langu la kwanza ni kama amelitazama kwa tochi wakati wa magharibi.

Halafu gonga kwa kifundo cha kidole, taratibu, mahali unaporuhusiwa kugusa. Sauti nzito, lipu imeshika. Sauti ya debe tupu, lipu imeachana na ukuta.

Tahadhari kubwa. Chumvi ya bahari hupenya kwenye zege na kufika kwenye nondo. Nondo ikishika kutu hutanuka, kwa sababu kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, na zege hupasuka kutoka ndani. Dalili ni ufa ulionyooka unaofuata urefu wa nondo, na michirizi ya rangi ya kahawia. Ukiona hivyo juu ya kichwa chako, ondoka chini yake na upige picha kwa mbali. Vipande huanguka bila kubisha hodi.

## Hatua ya 5: Birika lisilo na maji

Birika la bustani au chemchemi ya mapambo ikikauka, watu huigeuza mahali pa kutupia maganda ya chungwa. Maji yetu hupitia kwenye miamba ya matumbawe, yana chokaa nyingi, na chokaa hiyo huganda kwenye matundu na mabomba. Pampu ikifa na tundu likiziba, basi. Lakini birika kavu linasomeka, pengine vizuri kuliko lenye maji.

Tafuta alama ya maji, ule mstari mweupe wa chokaa unaozunguka ndani. Huo unakuambia maji yalikuwa yakifika wapi. Tafuta tundu la kuingizia, tundu la kumwagia yaliyozidi na mteremko wa sakafu. Sisi tuliokulia kwenye mabirika ya misikiti tunayajua haya bila kufundishwa, ni kuyahamishia bustanini tu.

Sasa toa chupa yako. Muombe ruhusa mlinzi au msimamizi wa bustani, umweleze unachofanya. Mwaga maji kikombe kimoja kwenye ukingo wa juu na utazame yanavyokwenda. Yakikimbia moja kwa moja, fundi alitaka uone shuka nyembamba ya maji. Yakisita kwenye mdomo wa ukingo na kudondoka tone tone, alitaka usikie.

Kama sakafu au ukingo ni wa terazo, lowesha kitambaa na ufute sehemu ndogo ya ukubwa wa kiganja. Terazo kavu ni kijivu iliyokufa. Ikilowa, kila kijiwe kinajitokeza: cheupe, cheusi, chekundu cha kutu, na kati yake saruji iliyotiwa rangi kwa makusudi. Angalia kama vijiwe vya ukingoni ni vidogo kuliko vya katikati, maana fundi makini alikuwa akivichagua. Rangi hiyo inadumu dakika chache kisha inajifunga tena, kwa hiyo simu iwe tayari mkononi.

Usimwage maji karibu na sanduku la umeme au waya wa taa za bustani. Usitumie sabuni, siki wala ndimu, kwa sababu asidi hula terazo.

## Hatua ya 6: Tafuta mwaka

Mwaka ukiandikwa kwa tarakimu za kawaida, umemaliza. Shida ni pale ulipoandikwa kwa mwandiko mwingine, na mjini kwetu hilo ni jambo la kawaida.

Mwaka wa Hijria kwa tarakimu za Kiarabu. Zidisha kwa 0.97, kisha jumlisha 622. Mfano, ١٣٧٥ ni 1375. Mara 0.97 ni 1333.75, jumlisha 622 unapata 1955 na kitu, na kweli mwaka 1375 ulianza Agosti 1955. Hesabu hii inaweza kukosea kwa mwaka mmoja, basi andika "1955 au 1956". Kwa kipindi chetu tarajia namba kati ya 1348 na 1390.

Hadhari na usomaji. ٥ ni tano ingawa inafanana na sifuri tuliyoizoea, na sifuri yenyewe ni nukta. ٦ ni sita ingawa inafanana na saba. Kibaya zaidi ni ٢ na ٣, mbili na tatu, ambazo zimetofautiana jino moja tu, na jino hilo ndilo chokaa hulimeza kwanza. Ukisoma 1275 badala ya 1375 umerudi nyuma hadi 1858. Hapo turudi kwenye hatua ya 4: kama kitu ni zege yenye nondo, 1858 haiwezekani, umesoma vibaya.

Mabamba ya Kigujarati. Wafadhili wa Kihindi mara nyingi waliandika mwaka wa kalenda yao ya Vikram, ulio mbele ya wetu kwa 56 au 57. Bamba likisema 2012, toa 57 au 56, unapata 1955 au 1956. Nimeshaletewa hoja kwamba bamba la namna hii ni la juzi kwa sababu "limeandikwa 2012". Tarakimu za Kigujarati nazo zina sura yake. Lipige picha bamba umpelekee mzee anayeisoma lugha hiyo, usibahatishe.

Pasipo na maandishi kabisa, nenda kwenye picha. Capital Art Studio, studio ya picha ya barabara ya Kenyatta iliyoanzishwa 1930, ina picha za mji za miongo mingi. Nyaraka za Taifa zipo Kilimani. Fika mapema uulize utaratibu wa kibali kwanza, uende na orodha ya maeneo na vipimo vyako vya futi kamba. Ukiwa na upana halisi wa tao unaweza kujua kama lililo pichani ndilo lile lile au liliwahi kujengwa upya.

## Hatua ya 7: Jengo la sinema, kisha vuka Ng'ambo

Asubuhi ya siku ya pili anzia Vuga, kwenye sinema ya Majestic. Sinema ya awali iliungua, na jengo jipya likasimama mwaka 1955. Lisome kutoka nje: mstari wa wima, mstari wa ulalo, mkunjo, basi. Linganisha na mchoro wako wa Beit el Amani. Kati ya majengo hayo mawili kuna miaka 30 tu, na utashangaa mapambo yamekwenda wapi. Ndani usiingie bila mhusika.

Kisha vuka uende Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe. Wengi huishia Darajani kwa kudhani uzuri wa mji umekomea pale, na hilo linaniuma. Pita Kikwajuni uone majumba ya ghorofa yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964. Endelea hadi kipilefti cha Michenzani. Mpango wa majumba marefu yale ulichorwa mwaka 1968 na Mjerumani Mashariki Hubert Scholz, na ujenzi ukaingia miaka ya 1970, kwa hiyo tunavuka mpaka wa kipindi chetu kidogo. Usiyatazame kwa mbele. Simama kwenye kona, ubavu kwa ubavu na ukuta, utazame madirisha yanavyokimbilia mbali mpaka yakawa mstari. Halafu tazama wakaazi walivyouandika mstari huo upya kwa nguo za kuanika, madishi na rangi za fremu. Mnara unaouona pale katikati ni wa juzi, umejengwa kuadhimisha miaka 50 ya Mapinduzi. Usiuchanganye.

Malizia Raha Leo, kituo cha jamii cha miaka ya 1940 ambacho wanamapinduzi walikifanya makao yao Januari 1964.

Njiani angalia vitu vidogo: kuta za matofali ya matundu, baraza za saruji mbele ya nyumba, mifereji ya zamani ya mtaa na sakafu zake. Jua la asubuhi likipita kwenye ukuta wa matundu linachora sakafuni. Chora kivuli, uache ukuta.

## Hatua ya 8: Kaa na wazee

Usifike na maswali mkononi. Toa salamu, "Assalaam alaykum", kisha "Shikamoo mzee wangu", ukae, unywe kahawa, uwaache wamalize bao lao. Ndipo useme: "Babu, naliangalia lile jukwaa. Zamani watu walikuwa wakikaa upande gani?" Kwa bibi barazani kwake bisha hodi na usubiri ukaribishwe.

Uliza juu ya matumizi kabla ya tarehe. Tarehe huchanganyika kichwani, lakini mtu hasahau alikuwa akikaa wapi akisikiliza bendi, au foleni ya maji ilikuwa ikianzia kona ipi. Andika maneno yake kama alivyoyasema. Jina lake usiliandike bila ridhaa yake.

## Hatua ya 9: Piga picha sasa, siyo kabla

Gusa kioo cha simu kwenye sehemu nyeupe kuliko zote, kisha shusha mwanga mpaka uone mikunjo ndani ya weupe. Piga pande zote nne, piga moja ya karibu, na moja yenye mtu ili kipimo kionekane, kwa idhini yake.

Usielekeze simu kwenye Ikulu, kambi, vituo vya polisi wala bandarini. Ndege ndogo za kamera zinahitaji kibali cha serikali, usirushe bila hicho.

## Hatua ya 10: Andika karatasi moja kwa kila kazi

Iwe na: mahali na mtaa, vipimo, upande inaotazama kwa dira, imetengenezwa kwa nini, mwaka na umeujuaje, hali yake, watu wanaitumiaje leo, maneno ya wazee, tarehe uliyoiona na saa. Hilo la "umeujuaje" usiliache wazi. Mwaka usio na ushahidi ukishaandikwa mara moja hunakiliwa na kila mtu.

Ukikuta kazi imeanza kuvunjwa au kupigwa lipu mpya, mwone sheha wa shehia hiyo siku hiyo hiyo, na ikiwa ni ndani ya Mji Mkongwe peleka nakala ya karatasi yako na picha kwenye Mamlaka ya Mji Mkongwe. Nenda na vipimo na tarehe. Malalamiko matupu hayasomwi, lakini karatasi yenye sentimita na picha ya pande nne humpa ofisa kitu cha kushika.

Nakala ya pili iache skuli ya mtaa huo au kwa mzee aliyekupa maneno yake. Ya tatu weka wewe, na kama kazi yako ya kwanza umeifanya Disemba, irudie Juni: upande wa kaskazini wa kila jengo utakuwa umepata jua ambalo mara ya kwanza hukulikuta.